Moto chini, baridi juu: kisa cha pipa la maji ya chumvi yaliyotulia

Kipimajoto kinachoelea kilisoma nyuzi 22.5. Hita iliyolala chini ya pipa nilikuwa nimeiweka kwenye 31, na taa yake ilikuwa imezimika, yaani yenyewe ilishaona kazi imekwisha. Hapo mtu yeyote angeamua kama nilivyoamua mimi: hita imekufa. Kumbe haikuwa imekufa, na kipimajoto nacho kilikuwa kizima. Vyote viwili vilikuwa vinasema kweli kuhusu maji yaleyale.

Nieleze pipa lenyewe kwanza. Ni la plastiki, kipenyo chake kama sentimita 45, na nikilijaza lita 120 maji hufika kina cha sentimita 75. Nalitumia kuandaa maji ya tangi la samaki wa baharini: maji yaliyochujwa, chumvi maalumu ya matangi, hita ya wati 200 na pampu ndogo ya kuzungusha. Nataka gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na joto la nyuzi 26, ili maji yafanane na yale yaliyomo kwenye tangi kabla ya kubadilisha.

Pampu ilikuwa imeungua siku chache kabla. Badala ya kusubiri nipate nyingine, nikafanya haraka. Nilijaza nusu pipa, nikamwaga kilo 4.2 za chumvi zote kwa mkupuo, nikakoroga kwa fimbo hadi mkono ukachoka. Hita nikailaza chini kabisa. Kisha nikaongeza lita 60 zilizobaki kwa mpira wa maji, taratibu, mdomo wa mpira ukiwa juu ya mfuniko unaoelea ili maji yasiruke. Nilijisifu kwa kutomwaga hata tone sakafuni. Nikasema moyoni, chumvi itajichanganya yenyewe usiku.

Dalili ya kwanza niliipata jioni ileile na sikuitilia maanani. Hita ilizimika baada ya saa moja na nusu. Sasa piga hesabu: kupandisha lita 120 kwa nyuzi nne, kutoka 22 hadi 26, kunahitaji jouli milioni mbili hivi. Hita ya wati 200 inatoa jouli 200 kwa sekunde, kwa hiyo ilipaswa kufanya kazi karibu saa tatu, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea hewani. Saa moja na nusu ni muda wa kupasha nusu ya pipa. Mimi nikafurahi kwamba hita ni kali.

Asubuhi kipimajoto kinachoelea kilikuwa kwenye 22. Nikapandisha hita hadi 31, kosa la pili juu ya la kwanza, nikaenda zangu kazini. Jioni ndipo nikakuta ile 22.5.

Nilichomoa hita kwenye umeme, nikakunja mkono wa shati hadi begani, nikazamisha mkono polepole. Juu, maji ya baridi ya kawaida. Kiwiko kilipokaribia kugusa maji, ncha za vidole zikaingia kwenye joto. Halikuongezeka kidogo kidogo: palikuwa na mpaka, na nikitulia niliusikia ukipita kwenye vidole kama ukingo wa shuka. Nikazamisha zaidi, mpaka ukapanda hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha karibu na kiwiko. Kiganja kilikuwa kwenye maji ya uvuguvugu na bega linasikia baridi. Miaka yote niliambiwa maji ya moto hupanda. Haya yalikuwa yamekaa chini kama mgeni aliyepewa kiti.

Baada ya hapo nikaacha kubahatisha, nikapima. Nilifunga kipimajoto cha waya kwenye fimbo pamoja na mpira mwembamba wa kuvutia sampuli, nikashusha kituo kwa kituo. Kwenye kina cha sentimita 5 palikuwa na nyuzi 22.4 na chumvi gramu 9 kwa lita. Sentimita 20: nyuzi 22.6, chumvi 10. Sentimita 35: nyuzi 23.5, chumvi 12. Sentimita 40: nyuzi 27, chumvi 36. Sentimita 45: nyuzi 30.2, chumvi 58. Sentimita 60 na 70 zilikuwa karibu sawa, nyuzi 31 kasoro kidogo na chumvi 60 hivi.

Ukizitazama tarakimu hizo utaona kwamba pipa halikuwa na mteremko wa joto kutoka juu hadi chini. Lilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha juu, sentimita 35, joto moja na chumvi moja. Chumba cha chini, sentimita 33, vilevile. Katikati yake dari nyembamba ya sentimita 7, na mabadiliko yote yamejibana humo. Nashuku hata hiyo dari ilikuwa nyembamba zaidi kabla sijaichokonoa kwa mkono. Wastani wa chumvi ukiukokotoa kwa unene wa kila tabaka unapata gramu 34 na ushee, kwa hiyo chumvi yangu haikupotea popote. Ilikuwa pipani yote, ila nyingi mno ilikuwa imelala chini.

Kabla ya kuilaumu chumvi niliwaondoa watuhumiwa wengine. Vipimajoto vyote viwili nilivitia kwenye kikombe kimoja: vilitofautiana kwa nyuzi 0.2, jambo dogo. Jua halikuhusika, pipa liko chumbani. Kuyeyuka kwa chumvi kwenyewe hubadilisha joto la maji, na chumvi ya kawaida ya mezani huyapoza. Lakini kwa gramu 35 kwa lita kupoa huko hakuzidi sana nusu nyuzi, nako huisha mara chumvi inapoyeyuka. Mvuke unaotoka juu ya maji ni mtuhumiwa wa haki zaidi, maana kila gramu ya maji inayoondoka huchukua jouli 2,400 na zaidi, na huyachukua kutoka kwenye ngozi ya juu. Ndiyo sababu kwenye sentimita 5 palikuwa pabaridi kidogo kuliko kwenye 20. Lakini mvuke haujengi ukuta wa nyuzi saba katikati ya pipa. Maji yanayopozwa juu huwa mazito, huzama, na mengine huja kuchukua nafasi yake. Tabia hiyo huyachanganya maji.

Basi turudi kwenye ule msemo wa maji ya moto kupanda. Ni ufupisho tu. Kinachopanda ni maji mepesi, na joto ni njia mojawapo ya kuyafanya mepesi. Kwenye maji matupu ndiyo njia pekee unayokutana nayo kila siku, kwa hiyo ufupisho hauleti madhara. Kwenye maji ya chumvi kuna mzani mwingine, na huo wa pili una mkono mzito. Kwenye joto la chumbani, kupandisha maji ya bahari nyuzi moja hupunguza uzito wa lita kwa robo ya gramu au zaidi kidogo. Kuongeza gramu moja ya chumvi huongeza uzito huo kwa robo tatu ya gramu. Gramu moja ya chumvi, kwa hiyo, inafuta kazi ya nyuzi mbili na nusu au tatu za joto.

Chini ya pipa langu lita moja ilikuwa na uzito wa takriban gramu 1,040. Juu, gramu 1,005. Zile nyuzi nane za ziada zilizokuwa chini ziliipunguzia lita gramu tatu tu. Bila joto hilo tofauti ingekuwa 38 badala ya 35. Hata ningelipasha tabaka la chini hadi nyuzi 80, bado lingekuwa zito kuliko maji ya baridi yaliyo juu yake, na bado lingekaa palepale.

Hapo ndipo ilipobaki kitendawili kimoja kilichonisumbua zaidi ya vingine. Kama maji ya moto hayapandi, kwa nini kila chumba kilikuwa na joto sawasawa ndani yake? Jibu ni kwamba yalikuwa yanapanda, lakini hadi kwenye dari tu. Maji yaliyogusa hita yalipata joto, yakawa mepesi kuliko majirani zake wenye chumvi ileile, yakapanda sentimita 30, yakakuta maji yenye chumvi kidogo, yakageuka. Chumba cha chini kilizunguka chenyewe kama chungu jikoni. Cha juu nacho kilizunguka: kilipashwa kwa chini kupitia dari, na kupozwa kwa juu na hewa na mvuke. Mizunguko miwili, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukiisugua dari upande wake na kuifanya iwe kali zaidi. Mwaka 1964 wanasayansi Turner na Stommel walichapisha jaribio la namna hii: maji ambayo chumvi yake huongezeka kadiri unavyoshuka, yakapashwa kwa chini. Badala ya kuzunguka yote kwa pamoja, yalijigawa katika matabaka yaliyochanganyika vizuri ndani, yenye mipaka mikali kati yao. Wao walifanya kwa makusudi; mimi niliifanya kwa uvivu.

Dari ile unaweza kuiona. Nilizima taa ya chumba na kumulika tochi kupitia ubavu wa pipa, ambao plastiki yake inapitisha mwanga. Kwenye usawa wa nusu palikuwa na utepe unaotetemeka, kama hewa juu ya mkaa. Halafu nikachukua maji ya tangi, yenye gramu 35 za chumvi, nikayatia rangi, nikadondosha tone moja juu. Likashuka moja kwa moja kama uzi, na lilipofika kwenye dari likasimama. Halikupunguza mwendo tu, lilisimama, kisha likaanza kutanda kulala, likawa kisahani chembamba cha buluu kilichoning'inia katikati ya maji. Lilikuwa zito kuliko chumba cha juu na jepesi kuliko cha chini, kwa hiyo halikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kama una chombo chenye maji ya chumvi na hujui kama yamechanganyika, jaribio hili linashinda kipimajoto.

Mtu atauliza: si ningesubiri tu? Wazo hilo ndilo lililonitia matatani, kwa hiyo linastahili hesabu. Joto na chumvi vyote hupenya kwenye maji yaliyotulia bila msaada wa mtu, lakini kwa mwendo usiolingana. Joto husambaa karibu mara mia kwa kasi kuliko chumvi. Kupenya sentimita 10 za maji matulivu huchukua joto kama saa 20; chumvi huchukua zaidi ya miezi miwili. Na muda hauongezeki sawa na umbali, huongezeka kwa kipeo cha pili: umbali ukiwa mara mbili, muda ni mara nne. Kwa kina chote cha pipa langu chumvi ingehitaji zaidi ya miaka kumi kujisawazisha. Kwa hiyo ule usemi wa "itajichanganya yenyewe usiku" ni kweli isipokuwa kwa idadi ya usiku.

Tofauti hii ya mwendo ndiyo inayofanya hali hii idumu. Joto linavuja kupitia dari pole pole, chumvi karibu haiondoki, na maadamu chumvi ipo dari ipo.

Dunia ina mapipa ya namna hii makubwa kuliko langu. Mwaka 1902 mwanasayansi Kalecsinsky alitoa taarifa ya Ziwa Medve huko Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania: mwishoni mwa kiangazi, kwenye kina cha mita 1.32 tu, maji yalifika nyuzi 70. Pale chini ni maji mazito ya chumvi na juu yake tabaka la maji yasiyo na chumvi nyingi. Mwanga wa jua hupita tabaka la juu, hufyonzwa chini, na joto likishafika huko halina njia ya kupanda. Tabaka la juu linafanya kazi ya blanketi. Wahandisi waliuiga mpango huo na kujenga mabwawa ya chumvi ya kukusanya joto la jua. Lile la Ein Boqeq kando ya Bahari ya Chumvi lilianza kuzalisha umeme mwaka 1979. Kule Antaktika, Ziwa Vanda limefunikwa na barafu ya mita kadhaa isiyoisha mwaka mzima, na maji ya chumvi karibu na sakafu yake yana nyuzi 25 hivi. Na chini ya Bahari ya Shamu, kwenye kina cha zaidi ya kilomita mbili, kuna shimo liitwalo Atlantis II lenye maji mazito ya chumvi yanayozidi nyuzi 60, yakipashwa na miamba iliyo chini yake na yasipande.

Nirudi pipani, kwenye sehemu iliyoniaibisha zaidi. Nilitaka kujua ni nguvu kiasi gani ilikuwa inahitajika kuvunja dari ile. Kuchanganya chumba cha chini na cha juu maana yake ni kuinua uzito wa ziada wa chumvi kutoka chini hadi katikati, na ukipiga hesabu kwa pipa lenye vipimo vyangu unapata karibu jouli nne. Hiyo ni kama kuinua lita moja ya maji kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Fimbo hupoteza nguvu nyingi kwa kusukasuka maji, kwa hiyo mkono hutumia zaidi ya hapo, lakini bado ni kazi ya mtoto. Hita kwa upande wake ilikuwa imetia kwenye tabaka la chini zaidi ya jouli milioni mbili na haikuweza. Nguvu ilikuwepo kupita kiasi. Ilikuwa imeingia kwa mlango usioelekea kule.

Nilikoroga dakika nne, nikisukuma fimbo hadi sakafuni na kuvuta kwenda juu, si kuzungusha kwa duara. Kuzungusha kwa duara ndiko nilikofanya siku ya kwanza, na kunazungusha kila tabaka mahali pake bila kuligusa jingine. Kisha nikapima tena. Nyuzi 26.5 juu, 26.5 katikati, 26.6 chini. Chumvi 34 kila mahali. Nyuzi 26 ndizo nilizokuwa nazitaka tangu mwanzo: joto lilikuwepo pipani saa zote zile nilipokuwa naishuku hita, limewekwa tu ghorofa ya chini.

Maji yakiwa yameshachanganyika, nilifanya jaribio la pili kwa sababu sasa nilikuwa na hamu. Nilipunguza hita hadi 26, nikaining'iniza wima karibu na juu, ncha yake ikiishia sentimita 30 kutoka usoni, nikaacha usiku kucha bila kukoroga. Asubuhi palikuwa na nyuzi 26 juu na karibu 23 chini, na chumvi ileile 34 kote. Hali imepinduka. Safari hii chumvi haikuwa na neno, joto peke yake ndilo liliamua: maji yaliyopashwa yalikuwa mepesi, yakabaki juu, na yaliyo chini ya ncha ya hita hayakuwa na sababu ya kusogea huku yakipoa kupitia ubavu wa pipa. Hii ndiyo hali ambayo wengi huikuta kwenye matangi na ndoo zao, na tiba yake ni nyepesi, shusha hita chini au washa pampu. Tatizo ni kwamba tiba ya kushusha hita haifai kabisa pale ambapo chumvi imelala, maana unazidi kupasha chumba cha chini. Kwa hiyo kabla hujahamisha hita pima chumvi juu na chini. Kama inalingana, shida ni mahali hita ilipo. Kama hailingani, usiiguse hita, chukua fimbo.

Na nyuzi 4 tulizofundishwa darasani, kwamba maji ni mazito zaidi hapo na kwa hiyo ziwa huganda kuanzia juu? Ni kweli kwa maji matupu. Maji yenye chumvi ya zaidi ya gramu 25 hivi kwa kilo hayana kituo hicho. Yanazidi kuwa mazito kadiri yanavyopoa hadi yanapoganda, ambayo kwa maji ya bahari ni karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Ndani ya pipa langu hilo halikuwa na athari yoyote, lakini kila niliyemsimulia kisa hiki amelitaja.

Nilipotoa hita kuisafisha niliikuta imevaa ganda jeupe, gumu, lililokwaruzika kwa kucha. Chumvi ya matangi ina kalisiamu na kabonati, na ukiikusanya chumvi maradufu ya kawaida kisha ukaipasha, sehemu yake hutoka majini na kuganda kama chokaa, hasa kwenye kitu kilicho cha moto zaidi. Kwa hiyo maji yangu, ambayo sasa yalisoma nyuzi 26 na chumvi 34 kama nilivyotaka, yalikuwa yameshapoteza sehemu ya yale ambayo matumbawe huyahitaji kujenga mifupa yao. Sikuyatia kwenye tangi. Niliyatumia kuoshea mawe na vichujio, nikaagiza pampu.